Mtoto Mwanamme Anavyoumbika Tumboni mwa Mama

Somo la Afya kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Maneno haya ni kama yalivyosomwa katika redio. Mwalimu wa darasa ayasome polepole, na wanafunzi waachiwe nafasi ya kuuliza.

Natumai mmekwisha kukaa, na daftari ziko tayari.

Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo watu wazima wengi hulijua nusu, na nusu ya pili hawaiulizi kwa kuona haya. Nalo ni hili: mtoto akiwa tumboni, ni kitu gani kinachomfanya aumbike mwanamme? Haya ni kitu chema, wala hatukuja kuiondoa. Lakini wako watoto wachanga wanaokufa kwa sababu watu wazima waliona haya kuwatazama vizuri, na wako wengine waliokatwa ngozi ambayo daktari angeihitaji baadaye. Kwa hiyo leo tutayataja maungo kwa majina yake, kwa adabu, kama mkunga anavyoyataja.

Tuanze mwanzo. Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo ndogo zisizoonekana kwa macho. Ndani ya kila chembe mna nyuzi nyembamba zinazochukua maagizo ya urithi, nazo huitwa kromosomu. Nyuzi mbili katika hizo ndizo zinazohusika na uke na uume. Moja imepewa jina la herufi X, na ya pili herufi Y. Mama ana X mbili, kwa hiyo yai lake daima hutoa X. Baba ana X moja na Y moja. Mbegu yake ikichukua X, aghalabu mtoto atakuwa msichana; ikichukua Y, aghalabu atakuwa mvulana. Basi mume anayemwacha mkewe kwa kuwa kazaa wasichana watano mfululizo, anamdai kitu ambacho mke hakuwa nacho tangu awali.

Hata hivyo hiyo Y haimfanyi mtoto mwanamme papo hapo. Muda wa majuma sita ya kwanza watoto wote ni sawasawa. Mtu angemtazama kwa darubini, mtoto wa kike na wa kiume, asingeweza kuwapambanua. Ndani ya tumbo la kijitoto hicho, karibu na figo, mna tezi mbili ambazo bado hazijaamua zitakuwa kitu gani. Kando yake mna mirija miwili ya kike, na pia miwili ya kiume. Kila mtoto anayo yote minne. Na nje, baina ya miguu, pana kijichipukizi kimoja na mikunjo ya ngozi huku na huku. Basi.

Yapata juma la saba, sehemu ndogo iliyo katika ile Y huamka. Sehemu hiyo iligunduliwa na wataalamu wa London mwaka 1990, nao wakaiita SRY. Kazi yake ni moja tu: kuziamrisha zile tezi mbili ziwe korodani. Kisha hunyamaza. Kazi iliyobaki hufanywa na korodani zenyewe, kwa njia ya homoni.

Neno hili homoni ni geni kwa baadhi yenu, basi tulieleze. Zamani mjini kulikuwa na mgambo. Alipita mitaani akipiga mbiu, kisha akatangaza, mathalan, kwamba wavuvi wote wakutane pwani kesho asubuhi. Sauti yake iliingia kila nyumba ya Mji Mkongwe: kwa sonara, kwa mshoni wa kofia, kwa mchukuzi wa bandarini. Lakini waliotoka walikuwa wavuvi, kwa kuwa maneno yaliwahusu wao. Homoni ni mbiu ya namna hiyo. Hutolewa na tezi, huingia katika damu, na damu huizungusha mwili mzima. Kila kiungo hupitiwa nayo, ila kinachoitika ni kile tu chenye masikio ya kuisikia. Aliyelianzisha neno hilo ni Ernest Starling, mtaalamu wa London, mwaka 1905. Alilitoa katika lugha ya Kiyunani, na maana yake ni kuamsha au kusukuma.

Korodani changa za mtoto hupiga mbiu mbili. Ya kwanza ni ya kuzuia: huiambia ile mirija ya kike inyauke. Isingekuwa hiyo, mirija ile ingejenga fuko la uzazi hata ndani ya mtoto mwanamme. Ya pili ndiyo homoni mashuhuri inayoitwa testosteroni. Hii, kuanzia juma la nane au la tisa, huiambia mirija ya kiume isinyauke, bali ikue iwe njia ya kupitisha mbegu. Tena testosteroni ikifika katika ngozi ya sehemu za siri, hugeuzwa pale pale iwe homoni nyingine yenye nguvu zaidi. Jina la hiyo ni refu, dihidrotestosteroni, na asiyeweza kulisoma leo asijali. Hiyo ndiyo inayokikuza kijichipukizi cha nje kiwe dhakari, na kuiunganisha ile mikunjo miwili ya ngozi iwe mfuko wa korodani. Kwa mtoto msichana mbiu hizi hazipigwi. Kijichipukizi hubaki kidogo kikawa kinembe, na mikunjo hubaki wazi ikawa mashavu ya uke.

Labda mmoja wenu atauliza: nitaaminije mambo haya, nami sikuyaona? Yako mwilini mwako, bwana. Kila mwanamme ana mstari mwembamba unaopita katikati ya mfuko wa korodani na kuendelea chini ya dhakari, kama mshono wa kanzu. Huo ndio mshono wenyewe, mahali mikunjo miwili ilipoungana. Na zile chuchu za mwanamme, ambazo hazinyonyeshi mtu, zilianza kuumbika kabla mbiu haijapigwa.

Lakini mtaalamu hatosheki na alama. Mfaransa mmoja, Alfred Jost, aliwachukua sungura walio bado tumboni mwa mama zao, akawaondoa zile tezi kabla hazijafanya kazi, kisha akawaacha waendelee kukua. Mwaka 1947 alitangaza aliyoyaona: sungura wale wote waliumbika kike, hata waliokuwa na urithi wa kiume. Ndipo watu wa elimu wakafahamu kwamba mwili hufuata umbile la nje la kike pasipo korodani, na kwamba umbile la kiume lataka kuagizwa.

Wafugaji nao walikuwa na habari zao, tena za zamani zaidi. Ng'ombe akizaa pacha, mmoja dume na mmoja jike, yule jike aghalabu huwa tasa. Katika kumi, tisa au zaidi hawazai kabisa. Frank Lillie wa Chicago alieleza sababu yake mnamo mwaka 1916 na 1917. Ndama hao wawili mishipa yao ya damu huungana tumboni, na homoni za dume huingia kwa dada yake na kuviharibu viungo vyake vya uzazi. Basi mwenye ng'ombe asimnunue jike huyo kwa ajili ya mbegu. Ila nisieleweke vibaya: hayo ni ya ng'ombe. Binti aliyezaliwa pacha na kaka yake hana utasa wa namna hiyo, na mtu asimkatae posa kwa sababu hiyo.

Sasa, mbiu hii huanza vipi, maadam ubongo wa mtoto ni mchanga mno kuweza kutoa amri? Hapa kondo la nyuma ndilo linalosaidia. Wengi hulidhani ni kitu cha kumlisha mtoto tu, cha kuzikwa baada ya uzazi. Kumbe nalo hutoa homoni, na katika miezi ya mwanzo homoni yake ndiyo inayozisukuma korodani za mtoto zitoe testosteroni. Mnaijua nyote, hata kama hamjui jina lake: ni hiyo hiyo inayotafutwa katika kile kipimo cha mkojo kinachouzwa maduka ya dawa, mwanamke anapotaka kujua kama ana mimba.

Jambo kubwa katika habari hii yote ni wakati. Wazee wa bandari ya Malindi walijua kwamba jahazi la kwenda Oman lataka upepo wa kusi. Likikosa msimu, hata nakhoda awe hodari namna gani, atangoja. Umbile la kiume nalo lina msimu wake, na huo ni mfupi. Sehemu za nje hupata sura yao baina ya juma la nane na la kumi na nne. Mkunjo usioungana katika majuma hayo hautaungana wenyewe baadaye, hata homoni iwe tele. Ndiyo maana makosa yaliyotokea wakati huo mtoto huzaliwa nayo, na ndiyo maana yafaa atazamwe siku ile ile anapozaliwa. Tuyaangalie moja moja.

La kwanza ni korodani ambazo hazikushuka. Nimesema kwamba zilianza tumboni, karibu na figo. Yazipasa zisafiri mpaka mfukoni, na safari hiyo huamrishwa na homoni pia; hatua ya mwisho hufanyika baada ya mwezi wa sita. Kwa nini zitoke nje, mahali penye hatari ya kugongwa? Kwa sababu korodani haziwezi kutengeneza mbegu vizuri katika joto la tumbo. Mfukoni mna ubaridi kidogo. Katika kila wavulana 100 waliotimiza miezi yao, kama 3 huzaliwa korodani moja au zote mbili hazijafika. Kwa waliozaliwa kabla ya wakati, huwa kama 30. Nyingi hushuka zenyewe katika miezi ya mwanzo. Lakini zisiposhuka mpaka mtoto ametimiza miezi sita, usiendelee kungoja wala usimkande kwa mafuta. Mpeleke kwa daktari, naye atamfanyia operesheni ndogo, vizuri kabla hajatimiza mwaka mmoja na nusu. Akiachwa mpaka awe kijana, huenda akakosa kizazi, na hatari ya saratani ya korodani huongezeka. Wakati mwingine ile njia iliyopita korodani haifungiki, na utumbo huteremkia humo: hiyo ndiyo ngiri ya watoto wachanga. Nayo ni kazi ya daktari, si ya hirizi.

La pili lahusu jando, basi wazee na mangariba wasikilize. Wako wavulana ambao tundu la mkojo haliko kwenye ncha ya dhakari, bali chini yake, au hata karibu na mfuko. Ule mshono haukufika mwisho. Huonekana kwa kiasi cha mvulana 1 katika kila 250 hivi. Watoto hawa aghalabu govi lao halikukamilika upande wa chini, na kwa hiyo katika nchi nyingi za Waislamu watu hufurahi wakasema mtoto kazaliwa kishatahiriwa. Wengine hummalizia ile ngozi iliyobaki. La hasha, msifanye hivyo! Daktari akija kulitengeneza tundu lile na kulifikisha mahali pake, ngozi anayoishonea mara nyingi ni hilo govi. Likishakatwa, kazi yake inakuwa ngumu maradufu. Mtoto huyu asitahiriwe mpaka aonwe na daktari wa upasuaji; tohara yake itafanyika pamoja na hiyo operesheni. Kuchelewa kwake si aibu kwa baba wala kwa mama, na shangazi wasimsengenye mtu.

La tatu ndilo la haraka kuliko yote. Juu ya figo zetu zimekaa tezi mbili, kama kofia juu ya kichwa. Miongoni mwa kazi zake ni kutoa homoni ya kuhifadhi chumvi mwilini. Wako watoto wachache, duniani kama mmoja katika kila 15,000, ambao tezi hizo zina kasoro ya urithi. Zinashindwa kutengeneza homoni zinazotakiwa, na badala yake zinamwaga homoni za kiume kupita kiasi. Mtoto akiwa msichana, kinembe hukua kama dhakari na mikunjo hujiunga, na mkunga humpokea kwa vigelegele akasema: mvulana! Ndani anayo ovari na fuko la uzazi, salama kabisa. Lakini ndani ya mfuko ule hamna korodani hata moja. Katika juma la pili au la tatu huanza kutapika, hukataa ziwa, hulegea, hukauka, kwa kuwa chumvi yote inatoka kwa mkojo. Nyumbani watu husema ni jicho, au ni shetani. Kumbe ni ugonjwa wenye dawa: homoni inayokosekana hutiwa kila siku, pamoja na chumvi, na mtoto huishi, hukua, na anaweza kuolewa na kuzaa. Mvulana naye hupata ugonjwa huu, ila kwa yeye sura ya nje huwa ya kawaida, hapana dalili ya kumtambua isipokuwa huko kutapika na kulegea.

Kwa hiyo mkunga, unapomuosha mtoto, papasa taratibu kwa vidole viwili. Mtoto aonekanaye mvulana, na korodani zote mbili hazishikiki, asilale nyumbani akingojewa arobaini. Apelekwe siku hiyo hiyo hospitali iliyo karibu, iwe Kivunge au Makunduchi, na ikihitajika aendelee Mnazi Mmoja.

Iko hali nyingine iliyo kinyume. Mbiu inapigwa sawasawa, lakini viungo ni viziwi. Mtoto ana Y, ana korodani ndani ya tumbo, na testosteroni ipo ya kutosha, ila mwili hauna masikio ya kuisikia. Mtoto huyo huzaliwa msichana kwa sura, hulelewa msichana, huota matiti. Jambo linalowashtua wazee ni kwamba umri wa kuvunja ungo unapita na hedhi haiji. Msichana wa miaka kumi na sita asiyepata hedhi apimwe, asipewe majina.

Na katika kisiwa cha Karibi, Jamhuri ya Dominika, kijijini Salinas, watu walikuwa na watoto waliozaliwa wakionekana wasichana, kisha wapatapo miaka kumi na mbili hivi sauti ikavunjika, dhakari ikakua, korodani zikashuka. Wengi wao waliendelea kuishi kama wanaume. Mwaka 1974 daktari wa Marekani, Julianne Imperato-McGinley, na wenzake walieleza siri yake: watoto hao hawakuweza kuigeuza testosteroni kuwa ile homoni ya pili yenye jina refu. Tumboni walikuwa wavulana kwa ndani tu, na nje ilingoja mpaka balehe. Familia zile zilikuwa za ukoo mmoja, zilizooana kwa vizazi. Nasi visiwani twaoana sana, mtoto wa ami kwa mtoto wa ami. Sisemi ndoa hizo ni mbaya. Nasema kasoro za namna hii, na ile ya chumvi niliyoieleza, zinahitaji urithi wa pande mbili, baba na mama. Na penye damu moja pande hizo hukutana kwa urahisi zaidi. Ukoo uliokwisha kumpoteza mtoto mchanga kwa kutapika na kukauka, daktari aambiwe habari hiyo mapema, mimba inayofuata ikiingia.

Kutokana na elimu iliyopatikana Salinas ilitengenezwa dawa ya wazee wenye tezi ya kibofu iliyovimba, wanaokojoa kwa taabu. Jina lake ni finasteride, na Marekani iliiruhusu mwaka 1992. Dawa hiyo huizuia ile homoni ya pili. Kama babu nyumbani anaitumia, mwanamke mwenye mimba asiishike tembe iliyovunjika wala kumsagia, kwa sababu mtoto wake akiwa mvulana huenda akadhurika.

Mtoto ambaye sura yake haikuelekea upande mmoja waziwazi, sisi twamwita huntha. Neno hilo si tusi. Limo katika vitabu vya fiqhi kwa karne nyingi, na wanavyuoni walilizungumza kwa sababu lilikuwa na mali ndani yake: atarithi fungu la mwana wa kiume au la kike? Waliangalia mkojo unapotokea, na alama za balehe. Ikiwa hali haijulikani, katika madhehebu ya Shafi kila mrithi hupewa kile ambacho ni yakini kwake, na kilichobaki huwekwa mpaka jambo libainike. Yaani walikubali kungoja, na mimi naona hapo palikuwa na busara kuliko pupa ya kumpa mtoto jina siku ya saba bila kumtazama. Jirani zetu wa Kenya waliletewa kesi ya mtoto wa namna hii katika Mahakama Kuu ya Nairobi, ikaamuliwa mwaka 2014. Katika hati zake za hospitali, penye kuandikwa mume au mke, palikuwa na alama ya kuuliza. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 waliwahesabu watu hawa, wakapata 1,524, na sheria ya watoto ya mwaka 2022 inawataja na kuwalinda.

Sasa mwalimu wa darasa ataandika ubaoni maneno matano: ho-mo-ni, te-zi, ko-ro-da-ni, te-sto-ste-ro-ni, hu-ntha. Kila mmoja ayasome kwa sauti, wanaume na wanawake, bila ya kucheka. Kisha mkunga aliye darasani, kama yupo, awaeleze wenzake anavyomtazama mtoto anapompokea. Kwa herini, mpaka juma lijalo.